Timu ikipanda Ligi Kuu huanza kushuka kabla ya mechi ya kwanza: tuliyoyaona sisi wa Tanga

Gosi wa Chuda (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jana tulikuwa kwenye kahawa pale Ngamiani, mabishano yakaangukia kwenye timu zinazopanda daraja. Swali lilikuwa moja: timu ikifika Ligi Kuu ifanye nini msimu wa kwanza ili isirudi ilikotoka? Kila mtu jibu lake likawa usajili. Ilete kipa mgeni, ilete straika kutoka nje, imchukue mkongwe aliyeachwa na Simba au Yanga. Adhana ya Isha ikatukuta hapo, tukatawanyika kabla sijasema langu. Nalisema hapa.

Mimi nimekuwa mtunza vifaa wa timu kwa miaka. Jezi, soksi, mipira, maji, barafu, dawa ya kuchua, yote yalikuwa juu yangu. Timu moja niliyoitumikia ilipanda Ligi Kuu nikiwa nayo. Haikuwa ya mkoa huu na jina lake nitalihifadhi, maana waliohusika wapo na wana familia zao. Ila niliyoyaona ni haya: timu iliyopanda haishuki Mei. Inashuka Julai, kwenye usajili, wakati mashabiki bado wanapiga vuvuzela mtaani.

Nina daftari. Mtunza vifaa yeyote analo. Nimeandika humo kila mchezaji anavaa njumu namba ngapi, jezi ya kubana au ya kupwaya, nani mguu wa kushoto umevimba hivyo anataka soksi mbili. Waliotupandisha walikuwa 22. Kambi ya Ligi Kuu ilipofunguliwa, katika wale 22 nilibaki na 7. Wengine wote walikuwa watu wapya, nikaanza ukurasa mpya na kuuliza majina kama karani wa sensa. Kocha naye alikuwa anauliza majina hayo hayo. Zilibaki wiki tatu ligi ianze.

Sasa fikirini. Wale vijana 15 walioachwa ndio waliojua kucheza bila kutazamana. Beki wa kulia alikuwa akipanda, kiungo anaziba pale pale bila kuitwa, kwa sababu walikula sahani moja misimu mitatu. Kitu hicho hakiuzwi kwenye dirisha la usajili.

Naleta kwetu sasa. Msimu wa 2015/16 Tanga tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, Mgambo Shooting ya Handeni, na African Sports waliokuwa wamepanda msimu huo pamoja na Majimaji, Mwadui na Toto Africans. Timu tatu, mkoa mmoja, uwanja mmoja wa Mkwakwani. Nafasi za kushuka zilikuwa tatu, na Mei 2016 zote tatu zikachukuliwa na sisi. Mkoa mzima ukatoka Ligi Kuu kwa mkupuo.

Na kinachouma zaidi ni hiki. Msimu ule ule Coastal waliwafunga Yanga 2-0 Mkwakwani, Yanga ambao ndio walikuja kuwa mabingwa. Kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini wakaenda Dar es Salaam wakamtoa Simba 2-1. Timu iliyowapiga wakubwa wote wawili ikashuka! Kwa hiyo anayesema tatizo la timu ndogo ni kukosa uwezo wa kupambana na wakubwa, mwaka ule tulimjibu. Pointi zilipotea kwa timu za saizi yetu, siku za Jumatano jua kali, uwanja nusu mtupu.

Nawasikiliza.

---

Kijana wa Pongwe

Mkuu nakuheshimu, lakini hapo kwenye usajili sikubaliani nawe. Ligi Kuu ni maji mengine. Kijana aliyezoea kukaba Daraja la Kwanza ukimpeleka akakutane na winga wa Azam anageuzwa kama chapati. Ukibaki na wale wale kwa sababu ya mapenzi, unapigwa kapu.

Mifano ipo. Singida United walipanda msimu wa 2017/18 wakasajili hadi wageni, wakamaliza nafasi ya tano na wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Mtibwa. Namungo walipanda 2019/20, wakamaliza nafasi ya nne, wakacheza fainali na Simba kule Sumbawanga, msimu uliofuata wakaingia hadi hatua ya makundi Kombe la Shirikisho Afrika. Geita Gold 2021/22, msimu wa kwanza, nafasi ya nne, na mfungaji bora wa ligi nzima alikuwa wao, George Mpole, mabao 17. Hao wote hawakukaa na kikosi cha kijijini.

---

Gosi wa Chuda (mleta uzi)

Kijana wa Pongwe, mifano yako ni ya kweli na nimeifurahia. Ila isogeze mbele kidogo. Singida United waliofika fainali 2018 walishuka 2020. Geita waliomaliza wa nne 2022 walishuka 2024 pamoja na Mtibwa Sugar. Namungo ndio wamedumu. Kwa hiyo swali langu halikuwa kama pesa inaweza kukufikisha nafasi ya nne. Inaweza. Swali ni nini kinabaki ile pesa ikipungua.

Wala sisemi timu isisajili. Sajili watu wanne, watano, kwenye mapengo unayoyajua. Kipa mmoja mzoefu, beki wa kati anayeongea, kiungo anayejua kupoza mchezo. Lakini wakute nyumba ina wenyewe. Mgeni akikuta wenyeji 18 wanaoelewana, anafundishwa njia. Akikuta wageni wenzake 15, kila mtu anatafuta mlango wake.

Chukua msimu wa 2018/19. Ligi ilipanuliwa ikawa na timu 20, mechi 38, na Vodacom walikuwa wameondoka kwa hiyo ligi haikuwa na mdhamini mkuu. Mnakumbuka kilio cha msimu ule, timu zinakwama njiani. Zilipanda sita: Coastal yetu, KMC, JKT Tanzania, Alliance, Biashara United na African Lyon. Kati ya sita, iliyoshuka ilikuwa Lyon peke yake. KMC walimaliza nafasi ya nne.

Coastal walibaki, na kocha alikuwa Juma Mgunda, mtoto wa hapa hapa. Aliwatumia vijana. Watu wengi msimu ule walizungumzia mwanamuziki Alikiba kusajiliwa na Wagosi, yaani hao hao Coastal, na kweli ilileta watu uwanjani, lakini waliokuwa wanaibeba timu ni watoto ambao hakuna aliyewajua. Mwaka 2020 Yanga wakaja kumchukua Bakari Mwamnyeto, Simba wakamchukua Ibrahim Ame, Azam wakamchukua Ayoub Lyanga. Beki, beki, mshambuliaji, dirisha moja, timu tatu kubwa. Ndiyo hao tunaoambiwa hawawezi Ligi Kuu.

---

Babu wa Duga

Wajukuu zangu, mmeanza hadithi katikati. Mnazungumzia kubaki ligi kana kwamba kubaki ndiyo kombe. Tukuyu Stars ya Mbeya ilipanda, na mwaka 1986 ikawa bingwa wa Tanzania. Imepanda na kombe imechukua. Miaka miwili baadaye, 1988, Coastal wakachukua la kwao, na Mgunda huyo mnayemtaja alikuwa mchezaji. Tanga hii ilizizima. Watu walitoka Pangani na Muheza kwa malori, wengine juu ya magunia ya machungwa.

Zamani mchezaji alikuwa na kazi bandarini, reli, kiwandani. Alipomaliza mazoezi alikwenda kwake. Hakuna aliyekuwa anasubiri mshahara wa klabu ili mtoto ale. Leo kijana hana kazi nyingine, mpira ndiyo shamba. Ukimcheleweshea miezi mitatu umemfungia shamba. Gosi wa Chuda, hilo la fedha ndilo uliloliacha, nami nataka uliseme.

---

Gosi wa Chuda (mleta uzi)

Shikamoo Babu. Nitalisema.

Timu yetu ilipopanda, wale 7 waliobaki waliendelea na mshahara wa Daraja la Kwanza, ukaongezwa kidogo. Wapya walikuja na mikataba mara tatu ya ile. Siri ya mshahara haikai chumba cha kubadilishia nguo, nadhani mnajua. Mimi ndiye nilikuwa napanga jezi kwenye benchi, namba moja hadi ya mwisho. Wiki ya pili tu nikaona wanahamisha. Wapya wanasogeza zao upande wa dirishani, wa zamani upande wa mlangoni. Sikuambiwa na mtu, niliona jezi. Mpaka mwezi wa tatu wa ligi nikawa nazipanga hivyo hivyo mwenyewe, nipunguze kelele.

Halafu pesa ikakata kwa wote. Hapo ndipo tofauti ikaonekana. Wa zamani walikuwa wamewahi kukaa bila mshahara daraja la chini, waliuma meno wakaendelea kukimbia. Wapya walikuwa wamezoea mshahara wa tarehe, na siwalaumu, walisaini mkataba, haki yao ilikuwa kwenye karatasi. Mmoja alipata homa kila tulipocheza ugenini. Mwingine msuli ulikaza dakika ya 60 kila mechi.

Safari nazo. Mtu wa mjini anaona ratiba kwenye simu: ugenini Bukoba, Jumamosi saa kumi. Haoni kosta. Tulisafiri siku mbili, zaidi ya kilomita 1,000, wachezaji warefu magoti yamegusa kifua, mipira iko kwenye korido ya gari. Tulicheza mechi moja njiani Jumatano, soksi zikawa mbichi na hatukuwa na seti ya pili. Nikazifunga madirishani nje, jozi moja moja, kwa kamba ya kiatu. Kutoka Singida hadi Nzega kosta yetu ilikwenda inapepea soksi. Jozi mbili zilichukuliwa na upepo. Tulipofika nikaazima soksi za wenyeji, rangi nyingine, mwamuzi wa akiba akakataa, ikabidi nikate mikono ya fulana nyeusi niwashonee wawili juu ya ugoko. Tulifungwa 3-0.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "hawa hawajitumi" roho inaniuma.

---

Mama Kachori Mkwakwani

Kaka Gosi, mimi sijui mambo ya makocha. Nauza kachori, mihogo na juisi ya ukwaju nje ya Mkwakwani tangu 2012. Nataka kusema kitu ambacho nyie wanaume hamkisemi.

Timu inapanda, mnashangilia, mnapita na bodaboda mji mzima. Mechi tatu za mwanzo nafunga beseni mapema, nimemaliza. Ikifungwa mara mbili mfululizo hamji. Siku ya Prisons au Kagera nakaa mpaka magharibi na beseni nusu. Halafu siku ya Simba au Yanga watu wanafurika hadi barabarani, na nusu yao wamevaa nyekundu au kijani! Watu wa hapa hapa, nawajua, wananunua kwangu. Kijana wa Tanga anapokonya mpira, jukwaa linazomea. Nilimwona siku moja beki wetu anatazama jukwaani kama mtu aliyepotea njia.

Mimi nilikuwepo siku ile ya nusu fainali ya 2016, Coastal na Yanga, ile iliyovunjika muda wa nyongeza. Nilikimbia na beseni kichwani. Watu walisema mashabiki wana hasira. Nikasema hasira hizi zingekuja kila Jumatano kushangilia, timu isingekuwa inashuka.

---

Kijana wa Pongwe

Mama Kachori, shikamoo. Hilo nalikubali kwa asilimia zote. Mimi mwenyewe ni Yanga damu na nilikaa upande wa Yanga siku ile. Sijawahi kulifikiria kwa macho ya yule beki. Msimu ujao nitakaa upande wetu.

Ila Gosi, bado. Umesema pesa ilikata. Basi jibu si kuhifadhi kikosi, jibu ni kuwa na mwenye pesa. Angalia nani wanadumu: Azam wana kampuni. JKT, Mashujaa, Prisons wana majeshi. KMC, Dodoma Jiji, Pamba Jiji wana halmashauri. Kagera na Mtibwa wana viwanda vya sukari, na wao pia wameshaonja kushuka. Klabu ya wanachama kama Coastal au Sports inapanda na nini? Kadi za uanachama?

---

Gosi wa Chuda (mleta uzi)

Hapo umegonga penyewe, na hapa sina majibu mepesi.

Haki za televisheni zimesaidia. Mkataba wa Azam Media uliosainiwa Mei 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na NBC wakaja kudhamini ligi mwaka ule ule. Leo timu iliyopanda ina mahali pa kuanzia, tofauti na Coastal wa 2018. Tatizo ni kwamba ile pesa ikitajwa tu, viongozi wanaitumia yote kwenye usajili wa Julai. Novemba hakuna ya mafuta ya gari.

Mwenye pesa ni mzuri, lakini jeshi na halmashauri zinachotoa zaidi ya pesa ni kitu kingine: mchezaji ana mahali pa kulala na mshahara wa tarehe. Dodoma Jiji walipanda 2020 pamoja na Ihefu na Gwambina. Mwisho wa msimu Ihefu na Gwambina wakashuka, Dodoma Jiji wakabaki. Ihefu wakarudi, na Novemba 2022 wakaisimamisha Yanga iliyokuwa imecheza mechi 49 bila kufungwa, 2-1. Angalieni hapo: kuanguka kwa mara ya kwanza hakukuwaua, walirudi wakiwa wanajua ligi ilivyo.

Klabu ya wanachama ikipanda, mimi ningewaomba viongozi wafanye jambo moja kabla ya kumwita wakala yeyote. Wakae na wale 22 mmoja mmoja. Wamwambie kila mtu mshahara wake, wauandike, na waweke benki mishahara ya miezi sita kabla ya kununua hata njumu mpya. Kitakachobaki ndicho cha usajili. Kikibaki cha watu wawili, wawe wawili.

Coastal wametufundisha hata baada ya hapo. Mwaka 2021 walikuwa kwenye mchujo na Pamba, roho mkononi, wakabaki. Mwaka uliofuata tu wapo Arusha fainali ya Kombe la Shirikisho, 3-3 na Yanga, mabao yote matatu ya Sopu, wakatolewa kwa penalti. Msimu wa 2023/24 nafasi ya nne, wakaenda mashindano ya Afrika. Timu ile ile iliyoshuka na wenzake wawili mwaka 2016. Hakuna lililowashukia kutoka mbinguni. Kila mara ukiangalia ndani unakuta vijana waliokaa pamoja na kocha aliyeachwa afanye kazi.

Wanasema Tanga ni mji wa waja leo. Mji sawa. Timu haiwezi kuwa ya waja leo.

---

Binti Chumbageni

Asanteni kwa uzi huu, nimeusoma wote nikiwa kwenye daladala ya Raskazone. Mdogo wangu ni kipa, ana miaka 16, yupo timu ya mtaani, na juzi kuna mtu amemfuata anataka kumpeleka timu iliyopanda huko mkoani. Mama anaogopa.

Kaka Gosi, wale 7 waliobaki, alikuwepo kipa? Na aliishia wapi?

---

Gosi wa Chuda (mleta uzi)

Dada, alikuwepo. Ndiye aliyedaka penalti iliyotupandisha. Msimu wa Ligi Kuu akawekwa kipa wa tatu, akaletwa mkongwe na mgeni mmoja. Hakuwahi kunung'unika. Alikuwa anabaki na mimi baada ya mazoezi kukusanya mipira, kazi ambayo haikuwa yake.

Tulipofika mechi ya kumi tumeshafungwa mechi nane. Mgeni akagoma kwa sababu ya mshahara, mkongwe bega likateguka. Akaitwa yeye. Niliitafuta jezi yake ndani ya begi, ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Tukatoka 0-0, ugenini. Ilikuwa mara ya kwanza mlango wetu haukuguswa. Mechi iliyofuata 1-1. Kisha dirisha dogo likafunguliwa, viongozi wakaleta kipa mwingine.

Aliondoka alfajiri. Alikuwa ameniomba nauli usiku, nikampa nilichokuwa nacho, na mshahara wake wa miezi minne hakuupata hadi leo. Asubuhi nilikwenda kuanua nguo nyuma ya hosteli nikakuta glovu zake zimebaki kwenye kamba, mbichi. Nikampigia. Akasema, "Wape watoto, kaka. Mimi nitapata nyingine."

Hakurudi Ligi Kuu. Sasa ana mke na duka la vifaa vya umeme, na jioni anafundisha makipa wadogo. Tunaongea kila Idi.

Mdogo wako asikatazwe. Ila mama aende naye. Amwulize huyo mtu mambo matatu: atalala wapi, mshahara utalipwa tarehe ngapi, na kipa aliyewapandisha yuko wapi sasa hivi. Hilo la tatu amwangalie usoni wakati anajibu.

Na mlete kwangu Chuda kabla hajaondoka. Zile glovu ninazo bado. Namba tisa. Kiganja cha kulia kimechakaa kidogo, cha kushoto kizima.